Mwikali Hafuti Kitu

Mwikali, binti wa Kioko wa reli, ndiye mtu wa kwanza kuzikataa bajia zangu. Alikuja kwangu Mji wa Kale mchana wa jua kali, begi mgongoni, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Nikamwekea sahani na chatini ya ukwaju.

"Ahsante, mama," akasema, "lakini sili kwa watu wenye kesi."

Hata maji hakunywa. Dada yangu mkubwa, Mwanabaraka, akasonya. "Aogopa tutamtilia dawa atupende."

"Si hivyo, mama mkubwa. Nikila hapa leo, kesho wakili ataniuliza kortini nimehongwa bajia ngapi."

Sikumpenda. Nilitaka mtu wa kuja na hasira, akaja huyu na kalamu.

Mwikali ni mzaliwa wa hapahapa kisiwani, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Wazazi wake ni Wakamba, lakini ukimsikia akiongea nyuma ya mlango utadhani ni mtoto wa Kibokoni, hapa kwetu Mji wa Kale. Sasa anakaa Tudor, ghorofani, na mumewe Ronald anayefanya kazi bandarini. Jumapili huimba kanisani. Siku nyingine huchunguza simu na kompyuta ambazo polisi wamezichukua kwa ajili ya kesi. Ronald humtania kwamba nyumbani kwao hata mchuzi ukimwagika haufutwi mpaka upigwe picha.

Kilichomleta kwangu ni Saif, fundi wa simu wa kichochoro cha pili. Binti yangu Fairuz alimpelekea simu iliyopasuka kioo. Saif akamwomba neno la siri, eti ajaribu kama kioo kipya kinashika. Mafundi wote huomba, na sisi sote huwapa. Ndani ya simu mlikuwa na picha ya Fairuz usiku wa kupamba bibi harusi, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, anacheza na wenzake. Kwenye kupamba hakuingii mwanamume. Saif akajinakilia. Kisha akamwandikia Fairuz kwamba asipokwenda kumwona dukani peke yake, picha itatoka. Fairuz hakwenda. Picha ikatumwa kwenye kundi la simu la mtaa, kwa nambari isiyojulikana, na haikupita wiki watu wa Khubaib, mchumba wake, wakaivunja posa.

Mimi sikutaka Saif aonywe. Nilitaka aumie, nikaenda kumshtaki polisi.

Lakini kwetu jambo la aibu hufunikwa. Sitara, ndivyo tusemavyo, na dada yangu aliishika sitara kwa mikono miwili. Aliichukua simu ya Fairuz akafuta vitisho vyote. Kisha akakaa sebuleni, na kila mwanamke aliyekuja kutupa pole aliambiwa afungue simu yake pale mbele yake, aifute picha, naye akaombewa Mungu amsitiri. Walifuta mmoja baada ya mwingine, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Tulimsaidia Saif kufagia nyumba yake kwa ufagio wetu wenyewe.

Picha ya kwenye simu yangu tu ndiyo iliyobaki. Sikuifuta kwa sababu nilipenda kuitazama ile nambari isiyokuwa na jina ili hasira yangu isipoe.

Mwikali aliposikia habari ya kufuta, aliandika.

"Hilo nalo utaliandika?" nikamuuliza.

"Nitaliandika, mama. Nani alifuta, nini, siku gani."

"Litatuumiza."

"Litawaumiza kweli. Lakini nikilificha mimi, wakili wa Saif atalifichua, na hapo hata yaliyo ya kweli hayataaminiwa."

Kisha akaniomba simu yangu. Mwanabaraka akasimama. "Itazamwe na wanaume wa polisi? Na mahakimu? Ikae kabatini mwao miaka? Mdogo wangu, futa! Mfunike mwanao."

Nilimtazama Fairuz. Alikuwa ameegemea mlango, amejitanda mtandio mpaka kwenye paji la uso.

"Mpe, mama."

"Wanaume wataiona."

"Mtaa mzima umeiona. Acha na hakimu aione."

Mwikali hakuifungua ile picha. Aliizuia simu isipate mtandao, akaitia kwenye mfuko unaong'aa kama karatasi ya kufungia chakula, ili mtu asiweze kufuta kitu akiwa mbali. Akabandika muhuri, akatia saini, nami nikatia yangu kwa mwandiko wangu wa kuinama. Akaniambia kila atakayeupokea mfuko ule atasaini vivyo hivyo, mpaka ufike mezani kwa hakimu.

"Na wewe, Mama Fairuz," akasema mlangoni, "hiyo chuki yako iweke mbali na mfuko huu."

Siku polisi walipokwenda dukani kwa Saif, nilikuwa nimefika kabla yao, nikangoja mlangoni mpaka wakaingia. Nilikuwa na mchi wa kinu ndani ya buibui. Kompyuta yake ilikuwa juu ya meza, imewaka, na mimi nilikuwa nimeota jinsi itakavyovunjika. Nikautoa mchi. Wanawake waliokuwa wakipita wakasimama.

"Mpe moja la utosi!" akapaza sauti Shifa, jirani yangu.

"La utosi ampe Saif, kompyuta ina kosa gani?" mwingine akajibu, wakacheka.

Saif alikuwa kati ya polisi wawili. Hakuogopa hata kidogo. "Piga, mama!" akaniambia. "Mbona wausimamisha? Piga basi, kama kweli mwanao akuuma!"

Mwikali alikuwa ameinama nyuma ya meza akipiga picha nyaya zilivyochomekwa. Akainuka taratibu.

"Mama Fairuz, ukiipiga hiyo, utakuwa umemfutia."

Mimi ni mtu wa kuangalia nyuso za watu. Nimelea watoto kwa kuwaangalia nyuso. Nikamwangalia Saif. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye mchi, na yalikuwa yakiomba. Mtu anayetukana hatazami hivyo. Nikaushusha mkono, na hapo hapo uso wake ukasawijika. Hiyo ndiyo raha ya kwanza niliyoipata tangu posa ivunjwe.

Kabla ya kesi kusikizwa, ami yake, Mzee Abdulghafur, alikuja na halua, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Mwanangu, sisi ni watu wa mji mmoja. Tuyamalize nyumbani. Kijana ataomba radhi, picha itafutwa, kila kitu kifunikwe."

"Haiko kwangu, mzee."

"Iko kwa nani?"

"Kwa Mwikali. Na hata ingekuwa kwangu, nisingekupa. Chukua halua yako."

Kortini wakili wa Saif, Bwana Kadenge, alinigeukia kabla ya kitu chochote. Je, ni kweli nilionekana dukani kwa Saif na mchi? Ni kweli. Ni kweli niliapa kummaliza Saif? Ni kweli. "Basi mwanamke mwenye chuki kiasi hiki," akamwambia hakimu, "ndiye aliyekaa na simu ile. Tutajuaje hakuichezea?"

Chuki yangu mwenyewe ndiyo ilikuwa ikimvuta Saif kutoka kizimbani.

Mwikali akaitwa. Alieleza kwamba hakufanya kazi juu ya vyombo vyenyewe, ila juu ya nakala, na kwamba siku ya kwanza kompyuta yake iliisoma kila nakala ikatoa msururu mrefu wa nambari na herufi. Ukigusa hata nukta moja ya picha, msururu wote hubadilika. Asubuhi ile alikuwa ameisoma tena mbele ya karani wa korti. Msururu ulikuwa uleule. Na picha iliyokuwa kwenye simu yangu na ile ya kompyuta ya Saif zilikuwa zimetoka mkono mmoja, maana kompyuta yake ilihifadhi saa ya kuituma na ile nambari isiyokuwa na jina.

"Na vitisho unavyodai viliandikwa?" akauliza Kadenge.

"Kwenye simu ya mlalamikaji vilifutwa na mama mkubwa wake, na kwa mshtakiwa navyo havipo. Siwezi kusema vilisema nini."

Nilitaka kumrukia. Neno moja tu lingetosha, na angeweza kulisema. Hakulisema. Shtaka la vitisho likaanguka palepale, na Mwanabaraka akalia ndani ya mtandio wake. Lakini hakimu aliandika kwamba shahidi anayekiri lililo dhidi ya upande wake anaaminika katika mengine, na shtaka la kusambaza picha likasimama. Saif akafungwa, kifungo kifupi kuliko nilichokitaka.

Nje ya korti mama yake alinishika mkono. "Msamehe mwanangu, nawe u mzazi." Nikautoa mkono wangu.

"Mama, twende," akasema Fairuz. "Yamekwisha."

"Ngoja," nikamwambia, macho kwenye gari la wafungwa. "Ngoja kwanza apakiwe."