Sahani Iliyorudi Tupu

Mimi si mtu wa safari, na nalisema hili mapema asije mtu akanisoma akidhani atakutana na jasiri. Nimezaliwa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, nimesoma skuli ya Ng'ambo, na mpaka nafika kidato cha tano safari yangu kubwa ilikuwa ya kwenda Matemwe kwenye harusi ya binamu, ambako niligeuka kitandani mpaka alfajiri kwa sababu mto haukuwa wangu. Forodhani nilikuwa nakwenda, lakini nanunua urojo, natiliwa kwenye mfuko, narudi kuunywa nyumbani. Dada yangu akiniita mwari. "Mwari katoka leo!" atapaza sauti nikionekana barazani. "Mfunikeni kanga, jua lisimchome!"

Kwa hivyo skuli yetu ilipotaka mwanafunzi wa kwenda kusoma mwaka mmoja Ujerumani, nikachaguliwa mimi kwa vile nilikuwa na Kijerumani changu cha kuokota, nyumbani hakulia mtu. Walicheka. Shangazi alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu? Hatomaliza Ramadhani huko. Watamrudisha kama samaki aliyechina akanuka."

Hapo ndipo niliposema nakwenda. Wapo wanaosafiri kwa kiu ya elimu. Mimi nilisafiri kwa ukaidi.

Nilipokewa na mke na mume waliokaa kwenye jengo refu, ghorofa ya tatu. Walikuwa watu wema, sina la kuwatoa kasoro. Walinipa chumba na blanketi zito kama godoro, na yule mama mwenyeji wangu alinifundisha kila kitu bila ya kuchoka: taka hizi ndoo hii, taka zile ndoo ile, na ukifika njia panda ungoje taa hata kama barabara nzima haina gari wala mbwa. Nikazoea. Kilichonishinda ni ule ukimya wa ngazini. Watu walikuwa wakipishana kama kwamba kila mmoja kabeba yai mdomoni.

Ikaingia Ramadhani.

Kwetu jua likianza kuinama, sahani nazo zinaanza kutembea. Hii inakwenda kwa jirani wa kushoto, ile inakwenda kwa bibi wa nyumba ya kona, zimefunikwa kawa, na kesho yake kila sahani inarudi kwa mwenyewe na kitu ndani: sambusa, kipande cha mkate wa kumimina, embe, hata sukari kidogo ikiwa nyumba ile haikupika. Mama hawezi kurudisha sahani ya mtu tupu. Akikosa cha kutia ataiweka kabatini mpaka apate. Sahani ikirudi tupu, basi kuna neno.

Nikapika kaimati. Mama mwenyeji alinipisha jikoni, akaonja moja, akasema nzuri sana. Nikapanga nyingine kwenye sahani, nikazimwagia shira, nikafunika kwa kawa ambalo mama yangu alilitia kwenye begi langu kwa nguvu, nikagonga mlango unaotazamana na wetu. Akafungua mzee mrefu, miwani kaipandisha kwenye kipaji cha uso.

"Hizi zako," nikamwambia.

"Zangu za nini?"

"Za kula."

Akachungulia chini ya kawa taratibu, kama anayemchungulia kuku aliyeatamia. Akashukuru, akafunga mlango.

Asubuhi niliikuta sahani imewekwa kwenye zulia letu la mlangoni. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa, na kawa juu yake. Nikafunua. Hamna kitu.

Nikapiga simu nyumbani.

"Mama, sahani niliyompelekea mzee jirani imerudi tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu. Imeoshwa."

"Imeoshwa!" Huyo sasa shangazi, kumbe simu ilikuwa kwenye spika na nyumba nzima inasikiliza. "Kaiosha kabisa! Huyo hakutaki hata harufu yako."

"Umemfanya nini mzee wa watu?" mama akauliza.

"Sijamfanya kitu. Nimempa kaimati."

"Zilikuwa ngumu?" Dada huyo. "Mwari, sema kweli. Zilikuwa ngumu?"

Mama akakata shauri. Nipeleke tena; pengine mzee hakuwa na kitu nyumbani siku ile, na mtu huona haya. Nikapeleka sambusa. Sahani ikarudi tupu vile vile, na safari hii hata kawa lilikuwa limefutwa vumbi.

Jioni ya siku hiyo mama mwenyeji akanivutia kiti jikoni.

"Yule jirani hapendi kusumbuliwa," akasema.

"Kasema mwenyewe?"

"Hajasema. Lakini tumekaa mlango kwa mlango tangu watoto wetu wadogo. Hatujaingia kwake, hajaingia kwetu, na tunaheshimiana sana."

Nikasema kwetu watu wanaoheshimiana hivyo huwa wana kesi. Hakucheka.

"Hapa si Zanzibar," akasema. "Mtu huulizwa kwanza kama anataka kitu. Ukiendelea hivi itanibidi nizungumze na skuli. Pengine watakutafutia nyumba nyingine itakayokufaa zaidi."

Aliyasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. Angelinifokea ningelijua pa kushika.

Nikaingia chumbani nikajilaza na viatu. Jambo lilikuwa wazi. Nikiacha kupeleka sahani, nitakaa kwa raha. Nikipeleka, huenda nikatolewa kwenye nyumba ya watu katikati ya Ramadhani, na shangazi atapata wiki nzima ya kuzungumza barazani. Na kaimati zenyewe ni unga tu. Nani atakufa akizikosa?

Kila aliyenipa nasaha kabla ya safari alinambia neno moja: ukenda ugenini, zoea. Na nilizoea, jamani. Nimekula kwa uma wali ambao mkono ungeumaliza mara moja. Nimesimama kungoja taa kwenye barabara tupu, mvua inaninyea, nikajiona mpumbavu wala sikuvuka. Lakini kufuturu mimi na huku mlango wa mtu umefungwa hatua chache kutoka kinywani mwangu, anajua ninakula na najua anajua, hilo halikunipita kooni. Sikuwa na haja ya kumfundisha mtu desturi. Nilikuwa nataka kula tu. Nikagoma. Mimi, niliyeshindwa na mto wa Matemwe, nikagoma Ujerumani.

Kesho yake nikapika tena. Mama mwenyeji alisimama mlangoni mwa jikoni akinitazama ninavyofunika.

"Unakwenda?"

"Nakwenda."

"Nilikwambia."

"Umenambia. Kama ni kuhama nitahama, lakini nikishatoka kwake."

Akageuka akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Mzee alipofungua sikumpa sahani. Niliishikilia kifuani.

"Mzee, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini unanirudishia sahani tupu?"

Akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Nimeiosha," akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea.

"Nimeona. Inang'aa. Ndiyo balaa lenyewe."

Nikamweleza. Kijerumani changu kilikuwa kinachechemea, mikono ikasaidia: sahani inakwenda na kitu, inarudi na kitu, na ikirudi tupu nyumbani kwetu wanauliza nani kagombana na nani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha miwani machoni.

"Lakini wewe umenipa zawadi," akasema. "Nikikupa kitu siku ya pili yake, ni kama nakulipa. Ningekuvunjia heshima." Akaitazama tena sahani. "Jana nilishalitia tufaha. Nikalitoa."

Nilitaka kucheka lakini nikamwona kakunja uso, anafikiri kwa bidii.

"Kinatiwa kitu gani?"

"Chochote."

"Chochote kabisa?"

Akaichukua sahani akaingia nayo. Nikasikia makabati yanafunguliwa na kufungwa, moja baada ya jingine, na mzee akizungumza peke yake. Aliporudi alinikabidhi sahani kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na mbatata, mbichi, zimesuguliwa mpaka zimekuwa nyeupe.

Nilipogeuka mlango wetu ulikuwa wazi kidogo na mama mwenyeji yupo nyuma yake. Aliona mbatata. Alimwona jirani yake wa miaka yote amesimama na soksi kwenye ukumbi, ananipungia mkono. Akanipisha nipite. La kunihamisha hakulitaja, na mimi sikumkumbusha.

Nilifuturu, kisha nikapiga simu nikijiona nimeshinda vita.

"Imerudi na nini?" mama akauliza.

"Mbatata."

"Za nazi?"

"Mbichi."

Nikasikia kuku wa jirani yetu wa Ng'ambo, nikasikia na feni.

"Yarabi," akasema shangazi. "Basi mzee wa watu mgonjwa. Hana hata wa kumpikia. Na wewe umekaa unamnung'unikia!"

"Si mgonjwa, shangazi. Mzima kabisa."

"Mtu mzima na akili zake atie mbatata mbichi kwenye sahani ya jirani? Mpikie uji. Sasa hivi."

"Na usitie tangawizi nyingi," mama akaongeza, "tumbo la mzee halistahamili."

Nikarudi jikoni, nikatoa sufuria. Mama mwenyeji aliinua kichwa.

"Nini tena?"

"Uji. Wa jirani."

Nilijua akisema neno la skuli, nitampikia mzee uji wake kisha nifunge begi. Akanyanyuka, akafungua kabati la juu, akatoa bakuli lake la wageni lenye maua pembeni, akaliweka mbele yangu na kurudi kukaa.

Mwaka wangu niliumaliza katika nyumba ile ile. Shangazi mpaka leo anasema wale watu walinivumilia tu. Naam, walinivumilia. Sikuwaomba radhi, na sitoomba.