Kompyuta Aliyoniachia Dada

Dada yangu alipofariki, nilirithi kompyuta yake. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Kanazi. Mimi nafundisha sekondari Nyakahura. Kwa miezi michache niliitumia kwa kazi za shule na mambo yangu, kisha ikagoma kuwaka. Nilipokwenda nyumbani likizo, nikaipeleka Kabanga mpakani kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda jirani na wabadili fedha.

Nikamweleza kuwa ni ya kazi za shule, akaikagua. "Virusi vimeharibu mfumo wenyewe. Nifute nirudishe uleule, au nikuwekee mfumo mwingine, Linux? Ni nyepesi kwa mashine kuukuu, na virusi hivi haviisumbui. Ila programu yenu walimu ya kujazia matokeo ya mitihani haitafunguka humo."

"Ukifuta, vilivyomo vinapotea?"

"Vyote. Kuna nini?"

"Vitu vya marehemu dada yangu."

Akaweka bisibisi chini. "Pole sana, mwalimu. Basi tusifute kitu kwanza."

Akachomeka flashi yenye Linux, akaiwasha mashine kupitia hiyo flashi. Mafaili ya dada yakajitokeza: maandalio ya masomo, barua za kuomba ruhusa, na rekodi moja ya sauti. Tukaifungua. Alikuwa baba, naye marehemu, akitaja kwa Kihangaza majina ya babu zetu. Kila aliposita, sauti ya dada ilimuuliza taratibu: na aliyemzaa huyo? Nikajifunika uso kwa kitenge. Fundi akatoka nje, akaniacha nilie.

Aliporudi, alinakili kila kitu kwenye flashi mbili. Nikamwambia aweke Linux. Nilikuwa nimechoka kuogopa virusi vya kila flashi inayopita mikononi mwa walimu.

Niliporudi kazini, mkuu wa shule hakupendezwa. "Sasa matokeo utajazia wapi?"

"Kwenye kompyuta ya ofisi, mkuu, zamu yangu ikifika."

Hivyo kila mwisho wa muhula nangoja na wenzangu, na mara nyingine nabaki wa mwisho. Mitihani na barua zangu naandika kwenye ile ya dada.

Jumapili moja nilimpelekea mama ile rekodi. "Shikamoo mama," nikasema, nikaketi mkekani karibu naye. Aliitikia, akasikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, bila machozi.

"Baba yako ameruka mmoja," akasema.

Akalitaja jina hilo polepole, mara mbili, nami nikaliandika.