Eti Mjukuu Wangu ni "Wanton"

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini tusi nalitambua hata likija kwa Kiingereza.

Barua ilitoka shule ya wasichana pale Voi: mjukuu wangu akae nyumbani wiki mbili kwa kuwa "wanton". Mtoto niliyemlea mimi tangu akinyonya chupa! Nikamuuliza, ulifanya nini?

"Nilimsalimia tu babu wa geti, nyanya."

Huyo ni soja anayelinda geti la shule, mzee wa kwetu Werugha, rika la marehemu mume wangu. Mtoto alimwambia, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Mzee akamjibu, "Mke gani wewe, hata ugali unaunguza!" Utani. Kwetu mjukuu na babu hutaniana hivyo, na mzee asiyetaniwa hujiona ameshazikwa. Lakini mwalimu wa Kiingereza, mgeni kutoka bara, alikuwa akipita. Akasikia "mume wangu", mbio akashika kalamu.

Kesho yake nikateremka Voi na mtoto, barua mkononi.

"Hili neno ni nini, mwalimu?"

"Shosho, ni mtu asiyejizuia."

"Asiyejizuia nini? Mkojo?"

"Tamaa za mwili," akanong'ona, akafungua kamusi nene. Akanieleza, tena kwa raha, kwamba ni neno la kale sana, na hapo mwanzo lilimaanisha mtu aliyekosa malezi. Alipomaliza ndipo akaniangalia usoni.

"Kumbe hukumwandikia mtoto," nikamwambia. "Mtoto hajilei. Umeniandikia mimi! Huyu nilimchapa siku aliyompita mzee bila salamu. Sasa wewe unamfukuza kwa kusalimia. Nimshone mdomo?"

Soja akaitwa. Akavua kofia. "Mwalimu, ukimfukuza huyu, nifukuze na mimi. Si nilimjibu?"

Mwalimu akalikata lile neno, akaandika lingine juu yake. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili.

"Utovu wa adabu."

"Hilo ni ndugu yake! Baba mmoja, mama mmoja! Kata na hilo."

Nikavuta kiti, nikakaa. Wanafunzi wakachungulia dirishani, sikujali. Alijaribu maneno mengine mawili, nikayakataa yote, mpaka akaichana barua yenyewe.

Mtoto aliingia darasani kabla ya saa nne. Neno "samahani" sikulisikia, na hasira yangu bado ninayo.