Dawa za Akiba za Afande Stoo

Kama uliwahi kupanga foleni kwenye dirisha la dawa la hospitali ya jeshi, ulimwona Afande Stoo hata kama hukujua ndiye. Ni yule mzee wa kipara, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko hicho kipara, ambaye alifika kabla dirisha halijafunguliwa na kusimama mikono nyuma, kifua mbele, akisubiri dawa ya presha kana kwamba anakuja kukabidhiwa bendera. Cheo chake cha mwisho kilikuwa sajini, kazi yake mtunza stoo, na tangu astaafu hakuna aliyefanikiwa kumshawishi kwamba mambo hayo mawili yamekwisha.

Sasa, watu wa stoo wana ugonjwa wao. Mtu wa stoo hachukui kitu kwa sababu anakihitaji. Anakichukua kwa sababu ni mgao wake, na mgao usiochukuliwa mwezi huu hupunguzwa mwezi ujao. Afande Stoo aliishi kwa imani hiyo utumishi wake wote, akijaza rafu soksi za miguu ambayo haikuwepo na mablanketi ya baridi ambayo haikuja. Kwa hiyo siku alipostaafu, akaelezwa kwa kirefu kwamba yeye na mkewe wataendelea kupata dawa bure pale dirishani, katika maelezo yote yale alisikia neno moja tu: mgao.

Basi akawa anachukua kila mwezi, bila kukosa. Kumeza ndiko hakumeza.

Vidonge vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la chuma lililokuwa chini ya kitanda, lenye kufuli kubwa la kutosha kufungia gereza. Mkewe aliamini mle mna sare zake za zamani. Asubuhi mzee aliketi mezani, akajaza maji kwenye glasi, akatupia kitu mdomoni, akagugumia, kisha akashusha pumzi, "Aaah!" kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Kitu chenyewe kilikuwa peremende. Mkewe, fundi cherehani aliyejaza sebule sare za wanafunzi, alikuwa akimeza vidonge vilevile kwa presha yake mwenyewe, bila makelele, huku mguu mmoja ukiendelea kukanyaga cherehani. Presha yake yeye ilikaa sawasawa mwaka nenda mwaka rudi.

Usimwone mzee mwendawazimu. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa inamkosesha raha. Kadi ya mkewe ya kuchukulia dawa ilikuwa na jina la mzee na namba yake ya jeshi, na chini yake ndipo limeandikwa neno dogo: mke. Na sheria ya stoo aliijua kama jina lake. Mwenye namba akiondoka, kila kitu cha namba yake kinarudi: buti, kopo la chakula, blanketi, mpaka kamba za viatu. Yeye mwenyewe aliwahi kutumwa kwa mjane wa dereva mmoja wa kambini kudai blanketi, akarudi nalo kwapani, na hakulisahau hadi uzeeni. Kwa hesabu yake, siku atakayofumba macho yeye, kadi ya mkewe nayo itarudishwa, na mama wa watu atabaki na presha yake mikononi. Presha ni ileile, vidonge ni vilevile. Kwa hiyo alikuwa anamwekea.

Ungeuliza, kwa nini hakwenda kuuliza? Hapo sasa ndipo ninapomkasirikia. Mtu aliyekaa nyuma ya kaunta maisha yake yote, watu wakimuuliza yeye, hawezi kuinama kwenye kaunta ya mwenzake aanze kuulizauliza. Angekufa na tai shingoni.

Na kweli alikuwa anakufa, pole pole, ila aliona fahari. Maana kila alipopimwa, presha ilikuwa juu, na daktari, asiyejua lolote, aliongeza dozi. Kwa mzee hilo lilikuwa kupandishwa cheo. Alitoka chumba cha daktari amevimba kichwa, akapita makusudi mbele ya mpiga tarumbeta.

Huyu mpiga tarumbeta naye alikuwa mstaafu, wa bendi ya jeshi, mgane, mtanashati, nywele zimepakwa rangi nyeusi mpaka zikatia shaka. Alikuwa na presha ya wastani na kidonge kidogo cha kila siku.

"Bado uko kwenye kale kadogo?" Afande Stoo alimuuliza.

"Daktari kasema kananitosha, afande."

"Pole sana. Mimi wameniongeza tena. Wakiona mtu anastahili, wanaona tu."

Kichwa kilikuwa kinamgonga wakati anasema hivyo. Alikuwa anaona nyota mchana kweupe, masikio yanavuma, na juzi yake alikuwa ameanguka mlangoni kwa kinyozi, akajitetea kwamba alikuwa anakagua sakafu. Mkewe aliiona ile nundu pajini mwa uso na usingizi ukamwisha. "Dawa kubwa zote hizo na bado?" alisema, akaacha cherehani. "Baba, mimi naogopa." Mzee alimwambia asiogope, akaenda kula peremende yake.

Mwisho daktari alijikuna kichwa. Dozi ilikuwa imefika kileleni, na dawa iliyobaki ilikuwa kali mno, ya kuombewa kibali makao makuu. Afande Stoo aliposikia makao makuu karibu apige saluti. Lakini kabla ya kuomba, daktari alimwagiza mfamasia wa dirishani, na mfamasia, binti mpole wa miwani mikubwa, akamwambia mzee kama anavyowaambia wazee wote:

"Babu, wiki ijayo uje na dawa zako zote ulizonazo nyumbani. Zote, tuzione."

Mtu mwingine angeelewa kwamba anatakiwa kuja na mfuko. Afande Stoo alielewa jambo jingine kabisa. Alielewa ukaguzi.

Tangu astaafu hakuna aliyekuja kumkagua. Hakuna mkubwa aliyepitisha kidole kwenye rafu zake kutafuta vumbi. Ni kweli, kulikuwa na siri ya kulinda, na alitembea nyumbani akiisumbukia. Lakini amri ni amri, na stoo iliyopangwa vizuri isipokaguliwa ni huzuni tupu. Wiki nzima alijifungia chumbani, akipanga na kupangua, za zamani mbele, mpya nyuma, lebo zote zikitazama upande mmoja. Alilipiga lile sanduku rangi ya kijani. Mkewe akadhani anazifanyia usafi sare, akafurahi kwamba mzee amepata cha kufanya.

Siku ilipofika, sanduku lilikataa kunyanyuka. Ikabidi waazime toroli la fundi mwashi wa jirani. Mzee alisukuma akihema, mkewe pembeni amebeba mkoba wake.

"Sare gani nzito hivi?" mama aliuliza. "Mlikuwa mnavaa mawe?"

"Utaona," alisema mzee, na jasho likamtiririka ndani ya suti.

Foleni ilipisha toroli. Afande Stoo alilisimamisha mbele ya dirisha, akafungua kufuli, akainua mfuniko, akarudi hatua nyuma na kusimama wima.

"Stoo tayari kwa ukaguzi!"

Mfamasia alitoka kwa mlango wa pembeni ili aone vizuri. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Dawa zilijaa kutoka pembe hadi pembe, pakiti juu ya pakiti, nyuzi za cherehani zikitenganisha mwezi na mwezi.

"Babu," alisema taratibu, "hizi ni dawa za nani?"

"Zangu zote. Tangu siku niliyostaafu."

"Na ulizomeza?"

Hapo ndipo Afande Stoo alipojimaliza mwenyewe, kwa majivuno, kwa sauti ya kusikika mpaka maabara. "Hakuna upungufu! Hata kidonge kimoja!"

Kwenye foleni, mpiga tarumbeta alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wa mzee hakucheka. Alilitazama sanduku, akautambua uzi wake wa bluu alioutafuta nyumba nzima, akamtazama mumewe, na mkoba ukamponyoka.

"Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unameza nini?"

"Peremende," alisema mzee, na sauti ilikuwa imepungua sana.

"Peremende! Mimi nakesha nakusikiliza kama bado unapumua, wewe unakula peremende?"

Mfamasia aliwaketisha wote wawili kwenye benchi, akaketi katikati yao, labda kwa usalama. Akamuuliza mzee kwa upole kwa nini. Na mzee, ambaye hakuwahi kuuliza, ilibidi sasa ajibu. Alieleza habari za namba na kadi. Alieleza habari za blanketi la mjane wa dereva, akiwa ametazama viatu vyake. Alipofika pa kusema kwamba zile dawa ni za mkewe, za kumeza siku yeye hayupo, aliinama akaanza kufunga upya kamba za viatu.

"Lakini babu," mfamasia alisema, "dawa si blanketi. Hairudi stoo. Kadi ya mama ni haki yake, umeshaitumikia wewe jeshini. Hata ukitangulia, yeye atakuja hapa dirishani na kuchukua dawa zake mpaka mwisho wa maisha yake."

"Hata nikifa leo?"

"Hata ukifa leo, kesho anahudumiwa."

"Bila mimi?"

"Bila wewe. Kitu kimoja tu kinachomwondolea hiyo haki. Akiolewa tena."

Afande Stoo aligeuza shingo pole pole. Mpiga tarumbeta alikuwa amejiegemeza ukutani, akirekebisha kola. Waliangaliana. Mpiga tarumbeta akaacha kola.

Mfamasia akaendelea, maana alikuwa na mengine ya kusema na hakutaka yapoe. Nusu ya sanduku ilikuwa imepitwa na muda na itateketezwa. Mzee akaguna kama aliyechomwa sindano, akasema jeshini walikula nyama ya kopo iliyopita muda na wakapiga gwaride vizuri tu. Nusu iliyobaki nayo haitarudi nyumbani, kwa sababu dawa aliyoandikiwa mtu humezwa na mtu huyo, wala haiwekewi mwenzake. Dozi ya kila mtu ni yake. Na zile kubwa za mwisho, kama mama angezimeza siku moja kwa kudhani ni zake, zingemwangusha palepale.

Hilo lilimwingia. Alikuwa amekaa miaka yote akimwekea mkewe akiba, kumbe anamwekea mtego.

"Tutaanza upya," mfamasia alisema, "na kale kadogo."

"Kale kadogo?" Mzee alimtupia jicho mpiga tarumbeta. "Kama ka yule?"

"Nusu ya ka yule. Mpaka daktari aone mwili unavyokapokea."

Kushushwa cheo chini ya mpiga tarumbeta! Alifungua mdomo kukata rufaa. Lakini mkewe alikuwa amekwishasimama. Aliliendea sanduku, mikono kiunoni, akalitazama kwa muda, kisha akaanza kupekua. Aliondoa pakiti, akatazama chini yake, akaondoa nyingine, akavuruga ule mpangilio wa wiki nzima, na mzee akaumia kwa kila pakiti iliyokaa upande.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta spea yako," alisema bila kugeuka. "Umeniwekea dawa za kunifikisha ahera na kurudi. Haya, nionyeshe hapa ulipoweka mume mwingine, wa akiba, huyu akiharibika. Mtu wa stoo wewe! Hukuweka hata mmoja?"

Afande Stoo alitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake stoo ilikuwa haina kitu. Machozi yalimlenga. Akatoa leso, akajifanya anafuta vumbi kwenye toroli.

Walirudi nyumbani na toroli tupu. Mama alipanda juu yake kwenye mteremko kwa sababu magoti yalikuwa yanamuuma, na mzee akasukuma bila kulalamika, watu wakiwacheka njia nzima. Sanduku lilibaki hospitalini, na siku hizi mfamasia anawekea ndani yake mafagio.

Sasa asubuhi hakuna tena "Aaah!" ya kuwaamsha majirani. Cherehani husimama kwanza. Mama huvua kidole cha chuma cha kushonea, huweka kidonge kwenye kiganja cha mumewe, kadogo, nusu ya ka yule, na kumwangalia akinywa maji mpaka mwisho. Halafu hutoa amri.

"Fungua!"

Mzee hufungua mdomo.

"Inua ulimi! Kushoto! Kulia!"

Huinua ulimi, akageuza shavu huku na huku, visigino vimebanwa, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali. Mkewe huchungulia kote, asiachie kona. Kisha mzee hufunga mdomo na kutoa taarifa yake:

"Hakuna kilichobaki, afande."