Hipsi za Godoro

Likizo ile ya mwezi wa sita nilikuwa na mpango mmoja tu: kuonekana nimekonda. Mama, anayeuza vitenge Sirari, alikuwa amechoka na simu zangu za kulia kutoka bwenini Mugumu. Akatoa hukumu: likizo nikae kwa bibi, anitazame. Bibi akisema nimekwisha, nahamia shule ya kutwa karibu na nyumbani, Gorong'a. Bibi akisema niko sawa, nabaki bweni mpaka nimalize kidato cha nne, na simu za kulia zikome.

Kukonda hakukunipa kazi. Tangu kuzaliwa nimenyooka kama fito. Nikivaa gauni utadhani bado liko kwenye henga.

Kwa mama nilisingizia chakula. Ukweli ni kwamba tatizo lilikuwa mchezo niliouanzisha mwenyewe. Jumapili tukishafua, wasichana wa bweni letu walipita katikati ya vitanda mmoja mmoja na nguo za nyumbani, mimi nimesimama juu ya sanduku la bati natangaza kama mtangazaji wa mpira: huyu anaingia na miguu ya kuazima, yule kichwa kimetangulia mwenyewe yuko njiani. Kisha natoa alama. Watu walijishika mbavu. Msichana mmoja mnene, aliyelala kitanda cha chini ya changu, nilimpa mbili nikasema amevaa pazia la kanisa. Alicheka na yeye. Wiki iliyofuata akapanda juu ya sanduku akataka na mimi nipite.

Nikapita. Akawageukia wenzake. "Mbona simwoni? Ameshapita au bado?"

Ilikuwa nzuri, nakiri. Ningeisema mimi ningetamba nayo mwezi mzima. Nilicheka kuliko wote, na tangu siku hiyo nikaitwa Bado. Bado njoo, Bado leta ndoo. Kila Jumapili nilipita tena, maana mwenye mchezo akigoma kucheza ndiyo amekwisha kabisa.

Ndipo nikakata godoro langu. Wembe, vipande viwili vya sponji kama nusu mbili za papai, ndani ya taiti mbili, sketi juu. Jumapili hiyo nilipata tisa. Baada ya wiki mbili nusu ya bweni ilikuwa na hipsi, na nusu hiyo hiyo ilikuwa inalala kwenye mashimo.

Shule ilipofungwa nilishukia Tarime mjini kwa shangazi, kwenye sendofu ya kumuaga binti yake anayeolewa. Nilipaswa kwenda na mwili wangu wa kesi, ule mwembamba. Lakini binamu zetu wa upande wa Kenya walikuwa wanakuja na simu zao za picha kali, na gauni la sare lilikuwa limeshonwa kwa mtu mwenye umbo. Nikajiambia bibi hawezi kufika, magoti yanamsumbua. Nikavaa sponji.

Bibi alikuwa kiti cha mbele.

Tulipoingia tukicheza alisimama na magoti yake yale yale, akapiga vigelegele, akanishika mkono na kunizungusha mbele ya watu kama ng'ombe wa mnadani. Akamwambia mama kwa Kikurya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wakwe wasikie, kwamba shule ile ina Mungu ndani yake. Mama alinitazama kama mtu anayekumbuka vocha zote alizomalizia kwenye simu zangu. Binamu mmoja wa Migori akanisogelea, "Siste, unakulanga nini huko?" Nikamjibu maharage. Meza nzima ikacheka, na mimi nikiona kicheko siwezi kukiacha kipite. Chakula hakijapakuliwa, picha yangu ilishafika kwenye grupu la ukoo.

Ningesema ukweli pale pale, mbele ya wakwe na simu zote zile, ningekuwa Bado wa nchi mbili. Nikinyamaza, narudi bweni. Nikaamua nitamwambia bibi tukifika nyumbani kwake, tukiwa wawili.

Hatukuwa wawili. Njia nzima kutoka barabarani bibi alisimama kila boma: njooni mwone mjukuu wangu. Jumapili akaomba nafasi ya ushuhuda. Alisimama mbele ya kanisa akaeleza jinsi alivyofunga na kuomba kwa ajili ya mtoto aliyekuwa anaisha, akaniita nisimame pembeni yake, waumini wakapiga makofi. Nilisimama pale najiuliza kama Mungu anajua bei ya godoro.

Baada ya hapo sikuweza kuvua. Wiki tatu. Nilivaa sponji kwenda kisimani, kuvuna mahindi, kusaga. Siku moja ndoo ilimwagika kichwani, hipsi ya kulia ikanywa maji yote, nikapanda mlima nimeinama upande kama lori lililopangwa vibaya mzigo. Nilizianika nyuma ya zizi. Niliporudi, mbuzi alikuwa anamalizia ya kushoto, ananitazama bila aibu. Kuanzia hapo upande mmoja nikavaa soksi zilizojazwa matambara.

Kila jioni bibi aliniongezea ugali wa mtama, akisema tusiharibu kazi nzuri ya shule. Nilikula wote. Haukwenda popote.

Asubuhi ya mwisho, mama akiwa njiani kunichukua, nilimkuta bibi jikoni anapepeta mtama. Nilichomoa vitu vyangu nikaviweka juu ya ungo.

"Bibi, shule yenyewe ni hii."

Akaishika sponji, akaibonyeza, ikainuka. Akaibonyeza tena. Akaziangalia soksi.

"Na ya huku?"

"Mbuzi."

Mabega yakamtikisika kwa kicheko, kisha yakatulia. Akanitazama kuanzia juu mpaka sketi ilivyokuwa inaning'inia, na macho yakaanza kumlowa.

"Kumbe umekonda."

"Ndiyo, bibi."

"Wanakucheka?"

Nilitafuta utani. Sijawahi kuukosa, lakini siku ile sikuupata.

"Kila Jumapili."

Aliweka ungo chini. Nilijua anasimama kwenda kumsubiri mama barabarani, na mwili wangu ukawa mwepesi ghafla. Hapo hapo tukasikia hodi. Walikuwa akina mama wa kwaya, wanne, wameleta karanga za mtoto wa ushuhuda. Bibi akawaambia wakae nje kidogo. Akabaki amesimama na ile sponji mkononi.

"Nimeshasema madhabahuni," alininong'oneza. "Mjukuu wangu, nimeshasema."

Alivua mtandio wake kichwani, akaukunja, akaujazia kwenye soksi, akazipapasa mpaka zikawa na umbo. Akaniambia nigeuke. Alinipanga pande zote mbili kwa mikono ya mtu anayemfunga mtoto mgongoni, akarudi nyuma hatua moja kupima kama ziko sawa.

"Mwezi wa kumi na mbili nitamwambia mama yako," alisema. "Nitamwambia taratibu."

Mama alifika saa nne. Aliwasalimia wale wamama, akaniangalia, akamgeukia bibi mbele yao wote. "Mama, wewe ndiye uliyekaa naye. Arudi au nimhamishe?"

Bibi aliwatazama wa kwaya. Akanitazama mimi. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele nyeupe fupi ambazo sikuwa nimeziona nje ya nyumba.

"Arudi," alisema.

Wakapiga vigelegele. Mama akabeba begi langu. Nikapita kwa wale wamama mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nikitembea polepole ili upande wa kushoto usishuke.