Jani la Sale Kikaoni

Mpaka leo nikimwona mkuu wa maabara wa kile chuo cha ufundi pale Moshi mjini, damu inanichemka. Sijapoa, na wala sitafuti dawa.

Nilipewa kazi ya kuandaa kompyuta mama. Hiyo unaipakia mfumo na programu zote, kisha unaipa amri ya kufuta utambulisho wake, ili ukiinakili kwenye kompyuta nyingine za maabara, kila moja iamke kama mpya. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, na mkuu wa chuo alishasema ataniongezea au ataniacha kwa kuangalia kazi hiyo.

Amri ikagoma. Inafika katikati, inaleta kosa. Nikapunguza programu, ikagoma. Nikafuta kila kitu na kupakia upya, kesho yake ikagoma vilevile. Kwenye kikao cha walimu mkuu wa maabara, Mchaga wa Machame mwenye tai, akasimama.

"Mwenzetu wa Kirua tumwonee huruma," akasema. "Hii ni mashine, siyo mtori wa ndizi wa kukoroga."

Watu wakaangua kicheko. Mkuu wa chuo naye akatabasamu, nami nikaona mkataba wangu unaota mbawa.

Nilirudi kwenye ile mashine nimevimba kwa hasira. Safari hii nilisoma maelezo ya kosa neno kwa neno. Kulikuwa na mchezo wa karata uliowekwa kwa mtumiaji mmoja tu, na amri ile haivumilii kitu ambacho mmoja anacho na wengine hawana. Mtumiaji mwenyewe alikuwa mkuu wa maabara. Kompyuta mama ndiyo ilikuwa na kasi kuliko zote, basi kila nikitoka, yeye anaingia kwa akaunti yake, anapakua mchezo wake na kucheza. Nikapiga picha ile mistari, nikamtumia kwenye simu bila hata salamu. Kisha nikafuta mchezo na akaunti yake, nikachomoa waya wa mtandao, nikatoa amri. Ikapita mpaka mwisho.

Jumamosi akapanda Kirua mpaka nyumbani kwa baba, ameshika jani la sale. Kwetu Uchagani mkosaji akikujia na sale unasamehe, na kesi hiyo huipeleki tena popote. Alijua anachofanya. Nikilipokea pale, mdomo wangu umefungwa, na mkuu wa chuo atabaki akiamini aliyeharibu ni mimi.

"Shikamoo baba," akasema kwa upole ambao sikuwahi kuuona kazini. "Nimekuja kumwomba msamaha dada yangu."

"Marahaba." Baba akanigeukia. "Mwanangu, sale haikataliwi."

"Sikatai, baba. Ila hakunitukania hapa. Alinitukania kikaoni. Alilete kikaoni, nitalipokea."

Baba aliangalia migomba yake. Mwishowe akasema, "Hapo ana haki." Mgeni akaaga bila kugusa chai.

Jumatatu alikuja kikaoni na jani lake. Alijaribu kunisogezea kwa chini ya meza, nikakunja mikono. Mkuu wa chuo, ambaye ni mtu wa Singida, akaliona.

"Hilo jani la nini?"

Walimu wa huku wote walijua. Wakanyamaza, nami nikanyamaza. Ikabidi mkuu wa maabara aeleze mwenyewe, na alipomaliza kueleza jani, akaulizwa kosa. Akasema yote: akaunti yake, karata, na jinsi alivyojua tangu mwanzo kwamba huenda mchezo ule ndio uliokuwa ukinikwamisha. Sauti ilikuwa ndogo, mkuu wa chuo akamwamuru arudie ili wa nyuma wasikie. Nilisikia raha, sitaficha. Kisha mkuu wa chuo akaniambia nipite ofisini kwake kusaini mkataba.

Yule bwana akasimama mbele yangu, akanyoosha jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nililipokea kwa mkono wa kushoto.