Wanja wa Mama Kwenye Krenki

Juzi nilipita kwa mafundi wa bodaboda pale Ruangwa mjini, nikakutana na harufu ya moshi wa petroli iliyochanganywa na oili. Jamani, nikasimama kama mjinga. Ilikuwa harufu ya pikipiki ya baba, kuukuu hata enzi hizo, nami binti mdogo, tunaishi Likunja, na mama hayupo.

Mama alikuwa amerudi kwao Nachingwea. Baba alimfokea mbele ya wageni, kisa chai imepoa, naye akafunga kanga zake akaondoka bila kelele. Kumrudisha ilibidi baba akaseme maneno mbele ya mjomba, kaka yake mama, na mjomba hakuwa mtu wa mchezo.

"Tutamfuata," baba akaniambia, "nikimaliza pikipiki."

Maana injini ilikuwa inatetemeka vibaya, akaifungua yote. Akatoa krenki, kile chuma kizito kinachozunguka ndani ya injini, akailaza juu ya beringi mbili alizozikaza kwenye ubao. Kipimo cha kujua kama imepinda hakuwa nacho. Akachukua kichupa cha wanja alichokiacha mama dirishani, akaipaka krenki kwenye ncha, akasogeza karibu kabisa shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Krenki ikizungushwa, palipotokeza, shazia inakwaruza wanja. Hapo anagonga kidogo kwa nyundo ya shaba, anapaka tena.

Kazi ya kuangalia mkwaruzo ilikuwa yangu, macho yangu yalikuwa makali. "Senta ikikaa, ikizunguka bila kuyumba, tunakwenda," alisema. Basi nikawa naiombea ile senta hata kwenye sala. Nilimkumbuka mama mpaka chakula hakipiti.

Siku moja shazia ikakwaruza duara zima, sawasawa pande zote. Nikaruka. "Baba, imekaa!" Akainama, akatazama weee, akafuta kwa kitambaa. "Turudie." Kesho yake ikakaa tena. Turudie! Nilinuna, nikambamizia mlango. Mtu gani huyu haridhiki na chuma?

Mpaka alipochovya kijiti kwenye kichupa, kikatoka kikavu.

"Wanja umekwisha, baba," nikasema.

Akakitikisa kichupa, akakirudisha dirishani. Halafu akaanza kufunga injini.

Nachingwea tulifika na pikipiki hiyo hiyo, na mbele ya mjomba baba akasema: "Nilimkosea mbele za watu. Namwomba radhi mbele za watu."

Akaongeza kwamba pikipiki ndiyo iliyotuchelewesha. Mama alimtazama, kisha akauliza, "Kwani basi la asubuhi siku hizi halipiti Likunja?"

Mjomba akaangua kicheko. Mimi nikajibu kwa bidii zangu zote: linapita mama, kila siku, tena nafasi zipo! Wakazidi kucheka, baba akainamisha kichwa.

Ilibidi niolewe, na mimi nikae nasubiri kuombwa radhi, ndipo nikalielewa swali lile. Krenki ilikuwa imenyooka zamani, na hata bila pikipiki, basi lilikuwapo kila siku. Baba alikuwa anaogopa tu, na kila alipopaka wanja alikuwa anajipatia siku moja zaidi. Maskini baba yangu.